Canon 4000D: flashi isipowaka, usikimbilie kuirudisha dukani

Ujumbe ulioingia juzi kutoka kwa msomaji wa Tanga ulikuwa umejaa hasira. Kanunua Canon EOS 4000D, kajibana mwezi mzima, kaongeza flashi ya Godox TT600. Siku ya kazi ya kwanza, sendofu ya jirani, flashi haikuwaka hata mara moja. Akabadilisha betri, akasugua vichuma kwa kitambaa, mwisho akaipachika kwenye kamera ya rafiki yake, Canon 700D: ikawaka palepale. Akahitimisha kwamba ameuziwa kamera feki.

Si feki. Itazame pale juu unapochomekea flashi. Kwenye kamera nyingi utaona vichuma vidogo kadhaa, na katikati yao kimoja kikubwa cha mviringo. Kwenye 4000D kile kikubwa hakipo, na 2000D na 250D ni hivyohivyo. Hicho ndicho kinachobeba amri moja tu, "waka", na ndicho pekee ambacho TT600, Yongnuo YN560 na ndugu zao wote wa bei nafuu wanakielewa. Flashi za Canon zenyewe hupokea amri kupitia vichuma vidogo, kwa hiyo hazina shida. Muuzaji anayekwambia "flashi zote zinaingia" hasemi uongo, maana kuingia zinaingia. Kuwaka ni habari nyingine.

Flashi hiyo bado ina kazi, ila si juu ya kamera. TT600 ina hali mbili za kuitikia mwanga wa flashi nyingine, S1 na S2. Inua flashi ndogo ya kamera kwa kidole (kwenye 4000D hainyanyuki yenyewe), weka TT600 kwenye stendi, chagua S2. S1 haifai hapa: flashi ndogo ya Canon hutoa mmweko wa kupimia kabla ya ule wa picha, S1 huitikia huo wa kwanza, na shata (pazia la kamera) inapofunguka flashi kubwa imeshamaliza. Ingia kwenye menyu ya flashi ya kamera, shusha nguvu ya ile ndogo hadi -2 ili ibaki ya kutoa ishara tu, isibabue uso. Anza na ISO 400 (wepesi wa kamera kuuona mwanga), f/5.6 (upana wa tundu la lenzi: namba ndogo, tundu kubwa), shata 1/160 ya sekunde, TT600 kwenye nguvu ya 1/8 ikipita kwenye mwavuli mweupe mita 2 kutoka kwa mtu, kisha panda au shuka kwa kutazama picha. Flashi ndogo ikiwa imeinuliwa, kamera yenyewe haitakuruhusu kuvuka shata 1/200. Kuna mipaka pia. Kijicho cha TT600 lazima kiuone mwanga wa kamera, kwa hiyo ndani ya chumba chenye kuta nyeupe mambo ni laini, lakini juani saa saba mchana haitaitika. Na kwenye ukumbi wenye wapigapicha watano, flashi ya kila mmoja wao itawasha ya kwako mpaka betri ziishe.

Ukitaka flashi ya kukaa juu, nunua iliyotengenezwa kwa mfumo wa Canon, ile inayopima mwanga yenyewe. Kwa Godox huwa na herufi C mwishoni mwa jina, na baadhi zinahitaji programu mpya ya ndani ndipo zielewane na kamera hizi. Nenda dukani na kamera yako mkononi, piga picha tatu hapo hapo kaunta, ndipo utoe pesa.

Flashi ni moja tu kati ya vitu vilivyokatwa ili bei ishuke, na anayevijua vilivyobaki hatupi pesa ya pili. 4000D ilitangazwa Februari 2018 pamoja na 2000D, na kwenye kabati la duka la Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, zinafanana kama pacha. Hazifanani. 4000D ina megapikseli 18, skrini ya inchi 2.7 yenye nukta 230,000, na pete ya kupachikia lenzi ni ya plastiki. 2000D ina megapikseli 24.1, skrini ya inchi 3 yenye nukta 920,000, na pete ya chuma. Megapikseli hizo sita za ziada hazina uzito wowote. Skrini ndiyo yenye uzito: kwenye nukta 230,000 picha iliyokosa fokasi kidogo huonekana kali kabisa, unagundua nyumbani kwenye kompyuta, bibi harusi ameshaondoka. Mwenye 4000D asiamini skrini kabla ya kukuza picha hadi jichoni, kila baada ya picha chache.

Tena angalia majina. 4000D ndiyo 3000D ya masoko ya Asia na ndiyo T100 ya Marekani. 2000D ndiyo 1500D, ndiyo T7. Ukiambiwa "hii T100 ni toleo la juu zaidi", cheka, uendelee na safari.

4000D haina kile kigurudumu kidogo cha kurekebisha kitundu cha kuchungulia kulingana na macho. Anayevaa miwani apige akiwa nayo, basi. Swichi ya kuwasha haikusimama peke yake. Imo kwenye gurudumu lilelile la kuchagulia hali za kupiga, kwa hiyo ukizima kwa haraka unaweza kuwasha ukiwa kwenye hali nyingine usiyoitaka. Chungulia gurudumu kila unapowasha.

Sasa lenzi. Ile inayokuja kwenye boksi la 4000D ni EF-S 18-55mm f/3.5-5.6 III, isiyo na kizuia mtikisiko. Kwa mchana haina ubaya. Iweke f/8, picha za nje zitatoka kali kuliko watu wanavyoidharau. Shida huanza ukumbini. Ukivuta hadi 55mm tundu haliwezi kuzidi f/5.6, na kwa kuwa hakuna kizuia mtikisiko, shata chini ya 1/100 mkono wako unaonekana kwenye picha. Kamera hujiokoa kwa kupandisha ISO hadi 6400, na hapo ngozi ya mtu mweusi kwenye kivuli hugeuka mchanga wenye madoa mekundu na ya kijani. Watu wakiona hivyo wanailaumu kamera, wanaanza kuulizia bei ya kamera nyingine.

Pesa ya pili iende kwenye EF 50mm f/1.8 STM. Ukiifungua f/2 badala ya f/5.6 unapata mwanga mara 8, maana yake palepale ulipolazimika kutumia ISO 6400, sasa unatumia 800. Sensa ni ileile, picha ni nyingine kabisa. Kumbuka kwamba kwenye sensa hii ndogo 50mm huona kama 80mm: sebule ya kawaida itakubana, mtu mzima kutoka kichwa hadi viatu utalazimika kurudi nyuma hadi mlangoni. Yongnuo nao wana ya kwao ya 50mm f/1.8, bei chini zaidi; inapiga kelele ikitafuta fokasi na wakati mwingine inahangaika gizani, lakini inafanya kazi. Lenzi za RF, za kamera mpya za Canon zisizo na kioo, usizinunue hata zikiwa za kutupa, hazipachikiki hapa. EF na EF-S tu.

Wengi wakishaipata hiyo 50mm wanaifungua f/1.8 na kuisahau hapo. Ukiwa mita 1.5 kutoka kwa mtu, eneo lililo kwenye fokasi ni takriban sentimita 6 tu. Jicho likiwa kali, sikio limeshayeyuka. Rudi f/2.8 kwa mtu mmoja. Familia iliyojipanga safu tatu, f/8 na umlenge aliye safu ya kwanza au ya katikati, si babu wa nyuma. Na usiiachie kamera ichague nukta ya fokasi kati ya zile 9. Yenyewe hukimbilia kilicho karibu zaidi, ambacho mara nyingi ni chupa ya soda mezani. Chagua nukta ya katikati, ndiyo yenye nguvu kuliko zote gizani.

Kuhusu mwanga wa ukumbi, hapa ndipo watu huumia bila kujua sababu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za tyubu na LED za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/250, picha moja inatoka njano, inayofuata na mkanda wa giza katikati. Weka 1/100 na tatizo linakwisha kwa wote waliokaa meza kuu. Wanaocheza watatoka na mtikisiko. Hao wasubiri flashi.

Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui nini cheupe na nini cheusi, kinataka kila kitu kiwe kijivu. Gauni jeupe likijaza fremu, kinashusha mwanga na uso unakuwa mkaa. Shikilia kitufe cha Av +/- huku ukizungusha gurudumu dogo, ongeza 2/3 au 1 nzima. Uso mweusi mbele ya anga jeupe unahitaji 1 au zaidi. Anga ikiungua, acha iungue. Mteja halipii anga. Ukitaka nafasi ya kurekebisha baadaye piga RAW (faili ghafi la picha), ila ujue kamera itachoka baada ya picha kama 6 mfululizo, na programu ya kuzifungua, Digital Photo Professional, Canon wanaitoa bure.

Video sitakaa nayo sana. Hakuna tundu la maiki, fokasi haimfuati mtu anayetembea, na dakika moja ya 1080p inakula zaidi ya MB 300. Rekodi sauti kwenye simu iliyo mfukoni mwa msemaji, piga kofi mwanzoni ili upate mahali pa kuunganishia, chagua PAL, fremu 25, shata 1/50.

Barua nyingine zinazojirudia ni za Err 01, hitilafu inayoandikwa kwenye skrini. Maana yake kamera na lenzi haziongei. Futa vichuma vya nyuma ya lenzi kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Ikiendelea, fanya jaribio hili kabla ya kumpelekea fundi: weka Av (hali ambayo wewe unachagua tundu), fungua tundu hadi namba ndogo kabisa, piga. Kisha weka f/8, piga. Ikipiga ya kwanza na kugoma ya pili, mkanda mwembamba wa waya ndani ya lenzi umekatika. Kamera ni nzima. Kwa 18-55mm gharama ya fundi mara nyingi hukaribia bei ya lenzi nyingine iliyotumika, kwa hiyo uliza kwanza.

Sensa haina mtikiso wa kujisafisha. Badilisha lenzi kamera ikiwa imezimwa na mdomo ukitazama chini. Kujua kama kuna vumbi, weka f/22 na upige anga tupu. Madoa ya kijivu ndiyo hayo. Chaji betri ijae, chagua usafishaji wa mkono kwenye menyu kioo kinyanyuke, geuza kamera iangalie chini, puliza kwa kipulizio cha mpira. Si kwa mdomo, mate yanaganda. Si kwa kopo la hewa, linarusha majimaji.

Na kwako msomaji uliyeandika kutoka Tanga, adui yako mkubwa ni kuvu kuliko vumbi. Lenzi ikilala kwenye begi lililofungwa, kwenye unyevu ule wa pwani, huota nyuzi nyeupe kama utando wa buibui kati ya vioo, na hazifutiki kwa nje. Ihifadhi kwenye dumu la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika vilivyokaushwa. Ukienda kununua hiyo 50mm iliyotumika, beba tochi: fungua kifuniko cha mbele na cha nyuma, mulika kutoka upande mmoja na uchungulie kwa mwingine ukiinamisha lenzi taratibu. Ukiona nyuzi, irudishe kaunta hata kama amekupunguzia nusu.