Mnauliza tunasikiliza nini. Ulizeni kwanza kwa mwendo gani

Mhariri,

Swali lenu la wiki, "Siku hizi unasikiliza nini?", linajibika kwa dakika moja, na ndiyo maana limeniudhi. Orodha hii hapa, iishe: bendi ya Afrigo ya hapa kwetu Uganda, ambao wapo tangu 1975 na bado hawajachoka, embaire ya Nakibembe kule Busoga, albamu yao ya 2023, mbao kubwa zilizolazwa juu ya shimo na kuzungukwa na wapigaji, na kadongo kamu ya zamani, Basudde na Kafeero, gita moja na hadithi ndefu isiyo na haraka. Basi. Sijaona mtu aliyebadilishwa na orodha ya mwenzake.

Linaloniuma ni hilo la mwisho, kadongo kamu ya zamani. Nyimbo nyingi zilizotoka kwenye kaseti na kuingia kwenye flashi na memori kadi zimeingia zikiwa zimekimbizwa. Nenda steji yoyote ya boda boda, panda taksi yoyote yenye spika nyuma, utasikia mzee wa miaka hamsini akiimba kwa koo la kijana wa sekondari. Watu wanatikisa vichwa, "aa, huyu alikuwa na sauti nyembamba." Hakuwa na sauti nyembamba. Mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa yamechoka.

Utepe wa kaseti hupita mbele ya kichwa, kile kinachorekodi na kusoma sauti, kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Redio kaseti ya mawe manne makubwa inahitaji volti 6, yaani 1.5 kwa kila jiwe. Yakishuka kukaribia 1, mota haiwezi tena kushika mwendo wake, inaburuta. Ubaya ni kwamba redio yenyewe bado inasema vizuri, hivyo anayerekodi hajui kitu. Kesho yake anatia mawe mapya, utepe unakimbia inavyotakiwa, na kile kilichorekodiwa polepole kinatoka kwa haraka: sauti imepanda, wimbo umefupika. Fundi wa kuhamisha kaseti kwenda kwenye flashi naye ana mashine ya umeme wa ukutani, anahamisha kosa hilohilo kwa uaminifu mkubwa, na kuanzia hapo ndilo linalonakiliwa.

Sikio peke yake halisaidii sana. Chukueni amadinda, marimba ya Kiganda ya mbao 12: mizani ya Kiganda hugawa oktava katika hatua tano zinazokaribia kulingana, na hakuna sauti moja ya kuanzia ambayo kila fundi wa amadinda lazima aifuate. Ikimbize asilimia 6, bado ni amadinda safi, ila ya nyumba nyingine. Gita la kadongo kamu nalo mwenyewe hulikaza kufuata koo lake la siku hiyo. Kwa hiyo anayesema "mimi nasikia tu" mwacheni aendelee kusikia. Kinachotakiwa ni kitu ndani ya kaseti ambacho kipimo chake kinajulikana.

Ndipo inapokuja kaseti ya mji wa Bombo.

Ililetwa kwenye kibanda cha fundi na mwanajeshi mstaafu, C60, yaani ya dakika sitini, isiyo na jalada, utepe umekatika karibu na mwisho na umejikunja kama tambi. Ndani yake mlikuwa na wimbo mmoja tu wa maana: mwimbaji wa upande wa Luweero, aliyeimba moja kwa moja studioni katika kituo kimoja cha FM miaka michache baada ya FM kuanza kwetu mwishoni mwa 1993. Mtu huyo hakuwahi kutoa kaseti ya dukani. Hakuna nakala nyingine. Mzee huyo aliyeileta alirekodi nyumbani, akaisikiliza mpaka ikakatika.

Fundi alifanya kazi yake inavyopaswa. Ganda lilikuwa la kugandishwa, si la skrubu, hivyo alilipasua kwa kisu chembamba kwenye mshono akianzia upande usio na utepe, akahamishia magurudumu yote mawili kwenye ganda la skrubu tano alilolitoa kwenye kaseti ya mahubiri isiyodaiwa na mtu. Hapo wengi hukosea kwa kusahau zile karatasi mbili laini za kuteleza. Bila hizo utepe unalia na kuburuta. Akaangalia kile kipande cha kitambaa kinachousukuma utepe dhidi ya kichwa. Kikidondoka, sauti hubaki ya chini tu, kama mtu anaongea nyuma ya blanketi. Kilikuwepo.

Kuunganisha: alikata ncha zote mbili kwa mshazari, akaziweka zikutane bila kupandana, akabandika gundi-utepe maalumu upande wa mgongo, ule usiogusa kichwa. Selotepu ya dukani haifai hata kwa dharura. Gundi yake huyeyuka kwa joto letu, hutoka pembeni na kunasa duara la juu yake. Alipoteza milimita 5 hivi, ambazo ni sehemu ya kumi ya sekunde. Hakuna atakayezililia.

Kisha mashine. Alisafisha kichwa na rola ya mpira kwa spiriti kavu ya dukani, si waragi, maana waragi ina maji na vingine visivyojulikana. Akageuza ile skrubu ndogo yenye chemchemi kando ya kichwa, kidogo kidogo, akisikiliza herufi "s" ya mwimbaji na mlio wa kucha kwenye waya, mpaka vikawa vikali kuliko kote. Hili ni muhimu kuliko programu zote za kusafisha sauti duniani: kichwa kikiwa kimeinama tofauti na kile kilichorekodi, sauti za juu zinapotea na hazirudi. Alipima pia mwendo wa mashine yake kwa kaseti ya kiwandani ambayo anayo pia kwa CD: wimbo wa dakika nne ulitofautiana kwa sekunde moja. Aliuacha hivyo. Akahamisha kwenda kompyuta kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, kilele kisizidi desibeli 6 chini ya mwisho, na hakugusa kabisa kitufe cha kuondoa mivumo, ambacho kikizidishwa humfanya mwimbaji aonekane anaimba ndani ya pipa la maji.

Wimbo ukatoka dakika 19 kamili. Na mwishoni, kabla mzee hajabonyeza kitufe cha kusimamisha, kituo kilijiunga na BBC kwa habari za saa tatu usiku. Milio sita ya saa, yote mle ndani.

Mtu asiyejua thamani ya milio ile angeikata kama uchafu. Milio ya BBC ina mitetemo 1,000 kwa sekunde. Mitano ya kwanza hudumu sehemu ya kumi ya sekunde, wa sita nusu sekunde, na kila mmoja huanza sekunde moja kamili baada ya mwenzake. Ni rula iliyosahauliwa ndani ya kaseti. Fundi aliufungua mchoro wa mitetemo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, akakuta 1,060. Akahakikisha kwa njia ya pili: toka mwanzo wa mlio wa kwanza hadi mwanzo wa sita ziwe sekunde 5, yeye akapata 4.72. Hesabu mbili, jibu moja. Kaseti inakimbia asilimia 6, nusu toni nzima.

Kusahihisha kuna mitego miwili. Kwanza, chagua kubadili mwendo, ambako sauti na muda vinaenda pamoja. Ukibadili sauti peke yake, wimbo unabaki mfupi na waya za gita zinapata mtetemo wa kizuka. Pili, asilimia 6 ya kupanda hairudishwi kwa asilimia 6 ya kushuka. Elfu moja ukigawa kwa 1,060 ni 0.943, kwa hiyo unaandika kasoro 5.66. Ukiandika kasoro 6 milio inaangukia karibu 996. Kidogo, lakini kwa nini ukosee wakati rula iko mkononi?

Wimbo ukarefuka, dakika 20 na sekunde 8. Mzee akaitwa. Akasikiliza kwa kusimama, kama anasikiliza wimbo wa taifa.

"Kijana wangu, huyu umemzeesha."

"Afande, hii ndiyo sauti yake. Nimepima kwa saa ya London."

"London hawakumjua. Huyu mwanzoni si yeye. Mwishoni hapo, labda ni yeye."

Nilipoanza barua hii nilikuwa nimepanga mzee awe mfano wangu wa masikio yaliyozoea uongo. Miaka ishirini na kitu ya nakala iliyokimbia, ukimpa ukweli anaukataa. Mfano mzuri, ungenifaa sana. Lakini rudieni maneno yake: mwanzoni si yeye, mwishoni labda.

Mawe yaliyochoka hayachoki mara moja na kutulia hapo. Yanaendelea kuchoka wakati yanarekodi. Milio ya saa ilikuwa mwishoni mwa wimbo, na inapima mwisho tu. Dakika 19 kabla yake mota ilikuwa na nguvu zaidi, yaani kosa lilikuwa dogo. Fundi alipoondoa asilimia 6 kote, mwisho alinyoosha, mwanzo akaushusha kupita kiasi. Mzee alisikia hilo bila rula.

Fundi, kwa heshima yake, alirudi kutafuta alama ya pili. Gita lilipigwa kwenye amplifaya ya studio, na amplifaya ya umeme wetu wa mitetemo 50 huacha mvumo, ambao mara nyingi huonekana zaidi kwenye 100. Mwishoni mwa wimbo mvumo uko 106, unakubaliana na milio. Mwanzoni, kabla mwimbaji hajafungua mdomo, upo mstari hafifu kwenye 103. Maana yake mwanzo ulikimbia asilimia 3, na masahihisho yale yaliushusha robo toni chini ya ukweli. Ukinyoosha kwa mteremko, toka 3 hadi 6, wimbo unakuwa dakika 19 na sekunde 51 hivi.

Ningesema kazi imeisha, ila sisi tunaujua umeme wa mgao wa miaka ile. Kama usiku ule kituo kilikuwa kwenye jenereta, 50 haikuwa 50. Jenereta ndogo hushuka mtu akiwasha birika na kupanda akilizima, na tofauti ya toka 103 hadi 106 ni mtetemo mmoja na nusu tu kwenye hizo 50. Jenereta inaweza kuufanya peke yake. Na katikati ya wimbo mvumo umezama chini ya sauti, hauonekani kabisa, kwa hiyo hata huo mteremko ulionyooka ni dhana.

Sasa nifanyeje na hasira yangu ya ukurasa wa kwanza? Bado nasema nakala nyingi zinakimbia. Bado nasema anayehamisha kaseti asikate milio, matangazo, jina la kituo, wala mvumo, hata kama mteja anataka "safi". Lakini kusahihisha kwa alama moja sikutetei tena kama nilivyokusudia, na faili ghafi isiyoguswa ihifadhiwe kwanza, kwa jina lake, kabla ya yote. Kwa kaseti ya kiwandani mambo ni tofauti, huko kosa mara nyingi ni moja toka mwanzo hadi mwisho na namba moja inatosha. Kwa ya mawe ya redio, haitoshi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu, kama bado mnalitaka: wiki hii ninausikiliza wimbo wa Bombo, na katika faili tatu zilizopo ninasikiliza ile isiyosahihishwa, inayokimbia. Ninajua si sahihi. Angalau kosa lake ni la mawe, si la mtu.

Na kama kuna msomaji aliyerekodi kipindi hicho usiku uleule, mwimbaji wa Luweero na gita lake hadi habari za saa tatu, kwa redio iliyochomekwa ukutani, asirekodi kitu kingine juu yake. Dakika mbili za mwanzo zinatosha. Hata kama kwenu pia ilikuwa jenereta, ileteni.