Kuanza na R: zijue kwanza data zinazokosekana

Nilipoanza kujifunza R, programu ya kuchambua takwimu, nilitumia wiki mbili za mwanzo nikipamba grafu, nikibadilisha rangi na ukubwa wa nukta, ilhali sikuweza kueleza kwa nini kila nilipotafuta wastani nilirudishiwa herufi mbili tu: NA, alama ya R ya thamani inayokosekana. Kama ningeanza upya leo, ningeanzia kwenye herufi hizo.

Kuipata R si kazi. Ni programu huria isiyolipiwa, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, nayo hupakuliwa kutoka hazina ya CRAN. Sakinisha R kwanza, kisha RStudio, ambayo ni meza tu ya kufanyia kazi na haiwezi kukokotoa lolote bila R yenyewe.

Huhitaji kutafuta data za mazoezi, kwa kuwa R huja nazo. Chukua airquality, vipimo vya hewa ya New York vya siku 153, kuanzia Mei hadi Septemba 1973. Ukiandika mean(airquality$Ozone) utapata NA, kwa sababu siku 37 hazina kipimo cha ozoni na R haikubali kukisia. Ukiongeza na.rm = TRUE, yaani kuiambia R iziache siku zisizo na kipimo, utapata takriban 42.1, na hapo ndipo wengi wetu hushangilia na kuendelea. Hesabu kwanza siku zilizoachwa ni za mwezi gani: 21 kati ya hizo 37 ni za Juni, kwa hiyo wastani ulioupata haukuambii mengi kuhusu mwezi huo.

Kosa lililoniaibisha zaidi lilihusu aina ya data. Mtu alikuwa ameandika neno "hakuna" katika safu ya umri, hivyo R ikaisoma safu nzima kama maandishi na, kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, ikayageuza kuwa kategoria. Nilipolazimisha yawe namba, nilipewa nambari za mpangilio wa kategoria badala ya miaka, bila onyo lolote. Mzee wa miaka 71 akawa na miaka 38. Tangu hapo sigusi faili kabla ya kuipitisha kwenye str(), ambayo huonyesha aina ya kila safu.

Vifurushi vya nyongeza vilivyoko CRAN ni zaidi ya 20,000, lakini dplyr (cha kuchuja na kupanga data) na ggplot2 (cha kuchora grafu) vinakutosha kwa miezi kadhaa.

Andika amri zako kwenye skripti, yaani faili ya amri inayohifadhiwa, si kwenye konsoli (dirisha la kuandikia amri za papo hapo) pekee, wala usihariri faili ya data ghafi kwa mkono. Kisha, kila jioni, anzisha R upya ikiwa haina kumbukumbu yoyote na uiendeshe skripti tangu mstari wa kwanza. Ikikwama, kuna hatua uliyoifanya kwenye konsoli ukasahau kuiandika. Mara ya kwanza nilipojijaribu hivyo, yangu ilikwama kwenye mstari wa tatu.