Jibu: Masikio ya kava la mlango, Mazda MX-5 (gari dogo la michezo) ya paa la turubai

Mkuu, umeuliza jinsi ya kuunga masikio ya kava la plastiki la mlango, yale yanayoshika skrubu, yaliyokatika: achana na supa glu. Ikikauka inakuwa kavu kama kioo, mtikisiko wa barabara za vumbi za Moshi utayakata tena. Soma herufi nyuma ya kava, zinataja aina ya plastiki: ABS au PP. Ikiwa ABS, loweka vipande vya ABS chakavu kwenye asetoni, chupa ya kioo, nje, mbali na moto, hadi viwe uji mzito. Piga msasa namba 120, laza wavu mwembamba wa chuma kwa nyuma, paka tabaka tatu, acha saa 24. PP haiyeyuki kwa asetoni: hapo zamisha wavu ndani ya plastiki kwa joto la kichomeleo cha fundi redio. Tundu lizidi skrubu kidogo, maana paa likiwa wazi plastiki hutanuka juani, na ukikaza sana itapasuka palepale.