Lindisfarne: Kisiwa Kinachofungwa na Maji

SWALI: Kikundi chetu cha kanisa hapa Newcastle, watu kumi na wawili, kinataka kwenda Lindisfarne kwa magari na kurudi siku hiyohiyo. Tunasikia barabara humezwa na bahari. Tupangeje safari, na tusikose kuona nini?
Msomaji, Newcastle

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni na maji. Barabara ya kutoka Beal, kijiji cha upande wa bara, hupita juu ya mchanga unaoachwa wazi maji yanapokupwa, na kila yanapojaa hufunikwa kwa takriban saa tano. Halmashauri ya Northumberland hutoa jedwali la saa salama za kuvuka. Chukueni la tarehe yenu hasa, maana saa husogea kila siku. Lisomeni kwa saa za Kizungu: 15:00 ni saa tisa alasiri. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au upepo ukivuma kwa nguvu, msingoje dakika za mwisho.

Wanaonaswa wengi hudanganywa na macho. Sehemu ya chini ya barabara iko upande wa bara, penye daraja dogo. Ukitoka kisiwani unaendesha kwenye lami kavu, unajipa moyo, kumbe mbele maji yameshakata njia. Mkiyakuta yanapita barabarani, geuzeni. Gari likizimika, liacheni, pandeni kibanda chenye miguu mirefu kando ya daraja, pigeni 999 na muombe walinzi wa pwani. Maji ya chumvi huua injini, lakini gari hununuliwa tena.

Wanaopenda kutembea wana Njia ya Mahujaji, kama kilomita 5 za mchanga na tope, iliyowekewa nguzo. Anzeni maji yakiwa bado yanakupwa, mfike ng'ambo kabla ya nusu ya muda salama kuisha. Tope huchelewesha kuliko mtu anavyodhani.

Kisiwani, ingieni kwanza kanisa la parokia, la Mtakatifu Maria. Ndani mna sanamu kubwa ya mbao ya watawa sita wamebeba mabegani jeneza la Mtakatifu Cuthbert, aliyekuwa askofu hapa. Nje kuna jiwe ambalo bibi harusi husaidiwa kuliruka kwa kuombewa heri. Jirani yake ni magofu ya monasteri. Mtawa Aidan alianzisha ya kwanza mwaka 635, akitokea Iona, kisiwa cha Scotland. Waviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia, wakaishambulia mwaka 793. Mawe mekundu mnayoyaona ni ya watawa Wabenedikto waliokuja karne nyingi baadaye. Simameni chini ya ule utepe mwembamba wa jiwe unaovuka angani: mnara uliokuwa juu yake ulianguka, wenyewe ukabaki.

Ngome ya karne ya 16 juu ya jabali hupendwa na wapiga picha. Sisi tungetumia muda zaidi bandarini, kwenye mashua kuukuu za kuvulia samaki wa heringi zilizokatwa nusu, zikapinduliwa, zikapakwa lami na kutiwa mlango, zikawa stoo za wavuvi.

Wakazi hawafiki mia mbili, na mchana wageni huwafunika. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: chagueni siku ambayo barabara hufungwa katikati ya mchana. Vukeni asubuhi, maji yajae mkiwa ndani, mtoke jioni yakikupwa. Bebeni chakula na nguo za upepo. Barabara ikishafungwa magari hayaingii tena, na kijiji hutulia hata sili, wanyama wa baharini, wakasikika wakilia kwenye fungu la mchanga.