Taya linalia "ko": nikachomwe sindano ya damu yangu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi wa nyavu hapa Kibirizi, Kigoma, nina miaka 34. Tangu Ramadhani taya la kulia linalia "ko" kila nikipiga mwayo, na maumivu yanapanda mpaka sikioni. Nimeshatiwa matone ya sikio mara mbili, hayakusaidia kitu. Asubuhi naamka mashavu yamechoka kama niliyekesha natafuna miwa. Binamu yangu wa Dar es Salaam anasema kuna mahali wanakutoa damu, wanaizungusha kwenye mashine, kisha wanakudunga nayo tayani. Ni kweli au utapeli? Na damu hiyo si ya mtu mwingine? Baiskeli yangu nimeshaitafutia mteja nipate nauli ya treni.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Baiskeli irudishe ndani kwanza.

Si utapeli, na damu ni yako mwenyewe, inatoka mkononi mwako na kurudi mwilini mwako siku hiyohiyo. Ila binamu yako kakwambia "sindano ya damu" kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo mtu anapoweza kuumia.

Sindano ya kwanza ni ya damu nzima, kama ilivyotoka mshipani, haijazungushwa popote. Daktari aitwaye Brachmann aliieleza mwaka 1964, kwa watu ambao taya linachomoka kila mara: anapiga mwayo, mdomo unabaki wazi, mpaka arudishwe na daktari. Damu ile ikiganda ndani na pembeni ya kiungo hufanya kovu, na kovu hukaza. Kwa mgonjwa wa aina hiyo kukazwa ndiyo dawa. Wewe je? Weka vidole vitatu wima katikati ya meno ya mbele. Visipoingia, taya lako tayari limekaza, na damu nzima mle ndani ni kukaza juu ya kukaza.

Ya pili ndiyo hiyo ya mashine. Tyubu ya damu ikizungushwa, chembe nyekundu huzama chini, juu hubaki maji ya manjano yenye chembe sahani nyingi, zile zinazoziba kidonda ukijikata. Chembe hizo hutoa vitu vinavyoamsha mwili ujikarabati. Wapo wanaotia dawa ya kuzuia damu isigande. Wengine hawatii kitu, huzungusha polepole kwa dakika chache, na huyo lazima aharakishe, maana maji yale yakikawia yanaganda kama uji wa jana. Mililita 1 au 2 ndizo zinazoingia kwenye kiungo, mbele tu ya sikio.

Sindano hii ya mashine inasaidia? Tafiti za Uturuki, Misri na India zinaonyesha wagonjwa wengi maumivu hupungua na mdomo hufunguka zaidi. Lakini nyingi ni za watu wachache, na mara nyingi kiungo huoshwa kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali, njia iliyoelezwa mwaka 1991, ambayo peke yake nayo hupunguza maumivu. Kwa hiyo mgonjwa akipona, ni kipi kimemponya? Ndiyo maana mimi huiweka sindano hii mwisho wa foleni.

Sasa tuje kwako. Weka kidole mbele ya kitundu cha sikio, fungua mdomo taratibu: kinachoteleza hapo ni kiungo cha taya, na "ko" ni kipande cha gegedu kilichohama kidogo na kurudi mahali pake. Sikio na taya ni majirani wa ukuta mmoja, ndiyo maana ulipewa matone. Lakini mashavu kuchoka asubuhi kunanipeleka kwenye misuli, huenda unasaga meno usiku. Mimi mwenyewe nilisaga mwaka mzima wa mitihani, mwenzangu wa chumbani ndiye aliyenishitaki. Misuli haiponyeshwi na sindano ya ndani ya kiungo.

Halafu hukuniambia, ila nimekulia Ujiji na mafundi wa nyavu nawajua: uzi unaukata kwa meno. Siku nzima, upande uleule wa kulia?

Kwa wiki sita ugali wa muhogo kula ukiwa laini, na migebuka ya kuchemsha; miwa, mahindi ya kuchoma na mihogo mikavu viache. Kitambaa cha maji ya moto shavuni dakika 15, asubuhi na jioni. Mwayo ukija, tegemeza kidevu kwa ngumi. Mchana midomo iguse, meno yasigusane. Brufeni siku chache baada ya chakula, kama huna vidonda vya tumbo.

Wakati huohuo nenda kitengo cha meno cha hospitali ya Maweni hapo Kigoma wakupime. Taya likikwama kabisa, uso ukivimba au ukipata homa, usingoje wiki sita. Na siku ukifika kwenye sindano, muulize daktari: ni damu nzima au iliyozungushwa? Mwambie pia kama unatumia dawa za kuyeyusha damu. Siku mbili tatu za kwanza shavu litauma zaidi, hiyo ni kawaida.

Leo jioni nunua mkasi mdogo, uufunge kamba shingoni usije ukatumbukia ziwani.