c4 haikuepushi na vita vya katikati ya ubao

Ndugu uliyeuliza kama kuanza mchezo wa sataranji (chesi) kwa kumsogeza askari hadi mraba wa c4 mashindanoni kutakupunguzia kazi ya kukariri hatua za ufunguzi, nakujibu kwa mchezo wangu mmoja, kwa kuwa nami niliichagua c4 kwa uvivu huo huo.

Mpinzani alijibu e5. Farasi wetu walipotoka, wangu c3 na wake f6, nilisogeza g3 ili askofu akae g2, naye akasukuma d5. Tukalana askari, na farasi wake aliyetua d5 akarudi b6. Hapo nikatambua kwamba tulikuwa ndani ya Ulinzi wa Sisilia uliogeuzwa (ulinzi ambao kwa kawaida mweusi hujibu e4 kwa c5), nami mwenye kete nyeupe nikiwa na hatua moja ya ziada. Nadharia niliyoikimbia ilikuwa imenitangulia.

Mchezaji Richard Réti alipomshinda Capablanca, bingwa wa dunia, mjini New York mwaka 1924, baada ya bingwa huyo kukaa miaka 8 bila kufungwa, alianza na farasi wa f3 na kuwachelewesha askari wa katikati, lakini kete zake zililenga katikati tangu mwanzo. Nilikuwa nimeuiga utulivu wake nikasahau shabaha.

Kwa bahati, mpinzani naye alisahau. Wafalme wote wawili walipokwisha kufichwa, nilicheza a3, kisha b4. Badala ya kumzuia askari huyo kwa a5, au kuiimarisha e5 kwa f6, alipeleka malkia d7. Niliposukuma b5, farasi wake wa c6 alilazimika kuondoka, na kwa kuwa ndiye pekee aliyeilinda e5, farasi wangu wa f3 alimla askari wa hapo huku akimtishia malkia. Nilikuwa mbele kwa askari mmoja, ila zaidi ya nusu ya muda wangu ilikuwa imekwisha kwa kutafuta ubaoni mambo ambayo ningeyajua nyumbani, na mwisho wa mchezo, tulipobaki na wafalme, ngome na askari tu, ukaishia sare.

Kwa hiyo icheze c4, lakini anza kwa kusoma jibu la mweusi la e5, halafu c5. Usiiache pia Gambiti ya Malkia (ufunguzi ambao mweupe ana askari d4 na c4 dhidi ya d5), maana mpinzani akicheza e6 na d5 unaweza kujikuta humo, kama ilivyotokea katika mchezo wa sita wa Fischer na Spassky wakigombea ubingwa wa dunia mwaka 1972, ulioanza na c4 hiyo hiyo.