Umeme Unaokatiza Maneno: Maswali Yenu Kuhusu Ubongo

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu ana uvimbe kwenye ubongo, upande wa kushoto. Ameambiwa atapasuliwa akiwa macho, na kwamba wakimgusa kwa umeme anaweza kunyamaza ghafla. Tunaogopa asije akabaki bubu.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Kunyamaza huko hutafutwa kwa makusudi, ili usemi wake usije ukakatwa pamoja na uvimbe. Umeme huvuruga kazi ya eneo dogo kwa sekunde chache, na ukiondolewa maneno hurudi.

Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma ni ngozi ya kichwa na utando unaoufunika ubongo, na huko huchomwa sindano ya ganzi. Daktari hutumia kifaa chenye ncha mbili zilizoachana kama milimita 5. Huanza na miliampea (kipimo cha umeme mdogo sana) 1 au 1.5, akipandisha nusu nusu. Ni nadra kuvuka 6. Mgonjwa huhesabu kwanza, halafu huonyeshwa picha na kutakiwa aanze kila mara kwa "hii ni". Usidharau maneno hayo mawili. Akisema "hii ni" kisha akakwama kwenye "meza", umeme umegusa njia ya kutafuta jina. Asipotoa hata "hii", usemi wenyewe umesimama. Hapo hutazamwa midomo na ulimi: vikivutika, umeme umegusa sehemu inayoendesha misuli. Vikitulia tu, huenda umegusa mahali panapozuia tendo, na pengine hata vidole alivyoambiwa avichezeshe husimama. Jibu lazima lijirudie, kwa kawaida mara 3, ndipo mahali pawekewe alama, na hapaguswi mara mbili mfululizo.

Kinachohofiwa zaidi ni kifafa. Mkondo ukizidi, chembe za ubongo huendelea kufyatuka zenyewe hata umeme ukiondolewa. Dawa ya kwanza ni maji ya Ringer (maji ya chumvi ya hospitali) yaliyopozwa, yanayomwagiwa ubongo papo hapo. Mdogo wako akihisi mdomo au mkono unamcheza, aseme mara moja.

Mwambieni daktari mapema lugha zote anazozungumza. Kama nyumbani ni Kidigo au Kisambaa na kazini Kiswahili, apimwe kwa zote, maana sehemu zinazobeba lugha mbili si lazima zilingane. Miwani yake isisahaulike. Picha atakazoshindwa kuzitaja siku ya maandalizi ziondolewe, la sivyo zitapotosha kipimo. Baada ya upasuaji ulimi unaweza kuwa mzito kwa wiki kadhaa kwa sababu ubongo huvimba. Mazoezi ya usemi yaanze mapema.

SWALI: Mimi huropoka, najuta neno likishatoka. Mtandaoni wanauza kofia ya umeme ya kujizuia. Ninunue?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Ni kweli kuzuia tendo lililokwisha kuanza ni kazi ya ubongo: sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji, kulia, upande wa chini, hushirikiana na kiini kidogo kilicho ndani kabisa, na mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban milisekunde 200 hadi 250 kujizuia. Lakini vifaa hivyo hupitisha miliampea 1 hadi 2 juu ya ngozi, sehemu kubwa ya umeme huishia kichwani nje, na majaribio ya kuongeza uwezo wa kujizuia hayajakubaliana. Sponji yenye maji inayopitisha umeme kwenye ngozi ikikauka, ngozi huungua. Mwenye kifafa au chuma kichwani asikiguse kabisa. Kama kuropoka kumeanza ghafla, hasa baada ya kuumia kichwa au kuanza dawa mpya, muone daktari wa mishipa ya fahamu wiki hii.